Kosa la Kiwanda au Mchovyo wa Baadaye: Ushahidi wa Kimaada katika Senti za Marekani

Sarafu yenye rangi isiyotarajiwa inapofikishwa mbele ya mtafiti, hoja ya msingi huwa ni mfuatano wa matukio. Je, madini yasiyo ya kawaida yalikuwapo kabla ya chapa kupigwa, au yalipakwa baada ya sarafu kutoka kiwandani? Katika hali ya kwanza sarafu ina kosa la kiwanda, na hivyo ni ushahidi wa historia ya uzalishaji. Katika hali ya pili kilichopo ni mchovyo tu, uwe wa mapambo, wa mzaha au wa udanganyifu. Makala haya yanafafanua namna ya kutenganisha hali hizo kwa kuchunguza senti ya Marekani, ambayo historia ya madini yake inafahamika vizuri kiasi cha kuwa kielelezo kwa sarafu nyingine.

Mwaka 1943, shaba ikihitajika kwa risasi na zana nyingine za Vita Kuu ya Pili, senti zilipigwa kwa feleji iliyopakwa zinki katika viwanda vya Philadelphia, Denver na San Francisco. Hata hivyo, vipande ghafi vichache vya bronzi vilivyosalia viwandani vilipigwa chapa ya 1943. Mwaka uliofuata kosa lilijirudia kwa namna ya kinyume: vipande vichache vya feleji vilipigwa chapa ya 1944. Senti ya bronzi ya 1943 imewahi kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 200,000, ilhali senti ya feleji ya mwaka huohuo, ikiwa imechakaa, hupatikana kwa bei ndogo mno. Pengo hilo la thamani linatosha kueleza kwa nini senti nyingi za feleji zimechovywa shaba.

Kipimo cha kwanza ni sumaku. Feleji huvutwa, bronzi haivutwi, na mchovyo wa shaba hauwezi kuizuia sumaku kuifikia feleji iliyo ndani. Lakini sumaku hukanusha vizuri kuliko inavyothibitisha. Senti ya 1948, ambayo ni ya bronzi halali, huweza kukwanguliwa upande wa kushoto wa tarakimu 8 ili isomeke 3. Sarafu ya namna hiyo hufaulu majaribio ya sumaku na ya mizani pia, kwa kuwa madini yake ni ya kweli na uongo uko katika tarehe tu. Hapo huamua umbo la tarakimu: mkia wa 3 katika chapa ya 1943 hushuka chini ya mstari wa tarakimu nyingine, jambo ambalo nusu ya 8 haiwezi kuliiga.

Mizani huleta hoja yenye nguvu zaidi ikiambatanishwa na hesabu. Senti ya bronzi ina uzito wa gramu 3.11; ile ya feleji takriban gramu 2.70. Eneo lote la nje la senti yenye kipenyo cha milimita 19.05, pamoja na ukingo wake, ni takriban sentimita za mraba 6.6. Mchovyo wa shaba wenye unene wa maikromita 5 huongeza gramu 0.03 tu. Ili kuziba pengo lote la gramu 0.41, mchovyaji angehitaji tabaka la takriban maikromita 70, na tabaka nene kiasi hicho lingefukia herufi ndogo na mistari ya masuke ya ngano yaliyo upande wa pili.

Ukingo wa sarafu hupuuzwa mara nyingi, nao ndio unaosema mengi. Katika senti za 1943, zinki ilipakwa kwenye bamba la feleji kabla ya vipande kukatwa. Kwa hiyo ukingo wa senti halisi hauna zinki, na ndipo kutu huanzia. Senti ya 1943 inayong'aa hadi ukingoni imepakwa upya, hata kama muuzaji anaiita mpya. Kuanzia 1982 utaratibu ulikuwa tofauti: vipande vya zinki vilikatwa kwanza, kisha vilichovywa shaba kabla ya kupigwa chapa, na hivyo ukingo uliofunikwa ni wa kawaida. Alama ileile inayoshtaki sarafu moja huitetea nyingine, na mchunguzi asiyejua utaratibu wa mwaka husika atapotoka.

Senti za baada ya 1982 ndizo ngumu zaidi. Uzito wake ni gramu 2.5, na shaba ni asilimia 2.5 tu ya uzito huo. Senti iliyokosa mchovyo kiwandani ingekuwa na takriban gramu 2.44, lakini kiwanda kiliruhusu tofauti ya gramu 0.10 juu au chini. Mizani peke yake, basi, haiwezi kuitenga na senti iliyochovywa zinki katika jaribio la kemia darasani au iliyovuliwa shaba kwa asidi. Kinachobaki ni uso wenyewe. Chapa inapogonga, madini husukumwa kutoka katikati kuelekea ukingoni na kuacha mistari midogo inayozungusha mng'ao pale sarafu inapogeuzwa mwangani. Asidi huila mistari hiyo na kuacha uso uliofifia wenye vishimo. Mchovyo wa baadaye huifukia, na pia hufunika mikwaruzo ya matumizi: mkwaruzo uliojaa madini yaleyale yanayong'aa ulikuwapo kabla ya mchovyo.

Vifaa vya eksirei vinavyotambua madini havimalizi ubishi, kwa sababu husoma tabaka la juu na vinaweza kuutaja mchovyo kana kwamba ndio sarafu nzima. Kukwaruza ukingo ili kuona kilicho ndani hutoa jibu, lakini huharibu kielelezo ambacho pengine hakina cha pili. Njia isiyodhuru ni kupima msongamano: sarafu hupimwa hewani, kisha ikiwa imening'inizwa kwa uzi ndani ya maji, na uzito wa hewani hugawanywa kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Bronzi hutoa takriban 8.8, feleji 7.8 na zinki 7.1. Mizani inayosoma hadi gramu 0.01 inatosha kutenganisha bronzi na feleji, mradi povu za hewa ziondolewe kwanza kwenye uso wa sarafu.