Mabinti na Sayansi (Sehemu ya Pili): Mifupa ya Manda

Juma lililopita tuliona kwamba, duniani kote, mwanamke ni takriban mmoja tu kati ya kila watafiti watatu. Leo twende Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari kutoka Amu (Lamu), ambako mwanaakiolojia Neville Chittick alianza kuchimba magofu mwaka 1966 na kukuta mji uliokuwapo tangu karne ya 9.

Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya mwambao: Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa. Mwandishi wa kwanza ni mwanamke, Esther Brielle wa Harvard, na mwanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones yumo pia.

Kazi yenyewe yataka mkono mtulivu. Jino hutobolewa, ukakusanywa unga mchache usiojaza hata kijiko cha chai, na mtafiti hujifunika hadi usoni, kwani tone la mate yake laweza kuchafua ushahidi wa miaka mia saba. Kisha husomwa nasaba mbili. Vinasaba vya mitokondria mtoto huvirithi kwa mama peke yake; kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Kwa wengi waliopimwa, upande wa mama ni Afrika, na upande wa baba ni Asia, hasa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza mnamo mwaka 1000. Tarikhi za miji yetu ziliwataja wanaume waliovuka bahari. Wake waliowaoa huku hazikuwapa nafasi kubwa. Maabara imewatambua.

Na wajukuu wa kike wa wanawake hao? Tangu Januari 2026, mwanafunzi wa Kenya anayeingia gredi ya 10 huwa amechagua mkondo mmoja kati ya mitatu, na mmojawapo ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Lakini binti wa Manda Maweni, ambako watu huishi kwa kukata mawe ya matumbawe, atauchaguaje mkondo huo ikiwa hajawahi kushika hadubini? Kumwambia ajitahidi hakutoshi. Naona kila kibali cha kuchimba magofu Lamu kingefungwa kwa sharti: mabinti wa hapa wafundishwe kuchimba, kupima na kuandika, na mmoja wao agharimiwe masomo hadi maabara inakopelekwa mifupa.

Juma lijalo: mwanasayansi Flower Msuya na wakulima wa mwani Zanzibar.