Mchezo wa Simba na ugumu usiofundisha

Wahenga walinena kwamba kujikwaa si kuanguka bali ni kwenda mbele. Methali hiyo nimeifundisha darasani kwa miaka mingi na siku zote nimedhani kuwa naielewa barabara. Likizo ya Desemba iliyopita, mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja alinifanya niifikirie upya.

Alikuwa ameketi mbele ya runinga akicheza mchezo wa video uitwao The Lion King. Mchezo huo ulitengenezwa mwaka 1994 kutokana na filamu ya Walt Disney ya jina lilo hilo, kisha ukatolewa tena mwaka 2019 kwa mashine za siku hizi. Hatua ya kwanza aliipita bila taabu. Hatua ya pili ilimshinda. Akarudia, akashindwa, akarudia tena, akashindwa palepale. Mwishowe alinigeukia macho yakimlengalenga machozi, akaniuliza: "Mjomba, mimi nakosea wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kucheza mwenyewe, nami nikashindwa pale pale aliposhindwa yeye. Hata hivyo, swali lake halikunitoka akilini, na ndilo lililonifanya niishike kalamu leo.

Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili, filamu ile ilikuwa na mvuto wa pekee. Mhusika mkuu anaitwa Simba, nyani mwenye hekima anaitwa Rafiki, ngiri anaitwa Pumbaa, na mmoja wa fisi waovu anaitwa Shenzi. Baadhi ya watengenezaji wake walizuru Kenya mwaka 1991 ili waione nchi wanayokusudia kuichora, wakafika hata mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Si ajabu basi kwamba watoto wetu wanapousikia mchezo wa Simba huukimbilia kama kitu chao wenyewe.

Mchezo wenyewe ulitengenezwa na kampuni ya Westwood Studios ya Las Vegas, Marekani, na kuchapishwa na Virgin Interactive. Ni miongoni mwa michezo ya kurukaruka, ambayo mchezaji humwongoza mhusika kutoka jiwe hadi jiwe na tawi hadi tawi huku akiwakwepa maadui. Una hatua kumi. Katika hatua za mwanzo Simba ni mwanasimba asiyejua ila kuruka, kubingirika na kunguruma kwa sauti nyembamba. Katika hatua za mwisho ni dume zima lenye kucha kali. Picha zake ni za kupendeza mno, kwa sababu wachoraji wa Disney walishiriki katika kuzichora, na muziki wake unaikumbusha filamu. Ulinunuliwa kwa wingi, na kuna watu wazima hadi leo wanaoukumbuka kwa mapenzi. Sitawakatalia.

Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hatua ya pili imepewa jina la wimbo ambao katika filamu Simba mchanga anauimba kwa furaha, akitamani siku atakayokuwa mfalme. Katika mchezo, furaha hiyo imegeuzwa adhabu. Tumbili walio mitini humrusha Simba huku na huku, na mchezaji sharti awangurumie baadhi yao ili wageuke na kumrusha upande unaofaa. Ni tumbili yupi ageuzwe, na ni yupi aachwe? Ukikosea unarushwa kusikofaa, nawe hujui kosa lilikuwa kwa tumbili wa kwanza au wa tatu. Kuna pia mbuni anayembeba Simba mbio, na kosa dogo kabisa linamrudisha mtoto nyuma. Tena katika kaseti za mwaka 1994 nafasi za kurudia zilikuwa za kuhesabika. Zikiisha, mtoto alianza safari upya tangu hatua ya kwanza.

Fauka ya hayo, kuna hatua nyingine iitwayo Hakuna Matata. Humo Simba hana budi kupanda maporomoko ya maji kwa kurukia magogo yanayoanguka, na gogo likimkosa ameangamia. Msomaji wa Kiswahili hawezi kujizuia kucheka: hatua hiyo imejaa matata matupu! Na mwishoni kabisa, Simba anapopambana na ami yake, Scar, kucha alizozitumia kuwashinda maadui wengine hazitoshi. Anapaswa kumkamata na kumtupa kutoka ukingoni mwa jabali. Mchezo haumdokezei mchezaji kwamba sasa kanuni imebadilika. Anaachwa akwaruze mpaka achoke.

Je, huu ulikuwa uzembe wa watengenezaji? Laiti ungekuwa uzembe! Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, alikuja kueleza hadharani miaka mingi baadaye kwamba ugumu ule ulikusudiwa. Wakati huo familia nyingi za Marekani hazikununua kaseti za michezo bali zilizikodi kwa siku chache katika maduka kama ya Blockbuster. Kwa maelezo yake, Disney haikutaka mtoto afike mbali mno katika mchezo kabla ya muda wa kukodi kwisha, kwa kuwa aliyekwisha kuumaliza hana haja tena ya kuununua. Hivyo kizingiti kikawekwa karibu na mlango. Mtoto aliyelia mbele ya runinga mwaka 1994 hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa amezuiwa makusudi na watu wazima, kwa hesabu za biashara.

Najua watakaonipinga. Watasema kwamba michezo ya zamani yote ilikuwa migumu, na kwamba ugumu huo uliwafunza watoto subira ambayo kizazi cha leo hakina. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi si miongoni mwa wanaotaka mtoto atafuniwe kila kitu. Ila naomba tutofautishe ugumu wa aina mbili.

Chukua mathalan mchezo wa Super Mario Bros. uliotolewa na Nintendo mwaka 1985. Huo nao si mwepesi. Lakini karibu na mwisho wa hatua ya kwanza, mchezaji anakuta ngazi mbili zinazotazamana, na baina yake pana ardhi. Akianguka, haumii, anapanda tena na kujaribu. Mbele kidogo anakuta ngazi mbili zinazofanana na zile, ila safari hii baina yake pana shimo. Shigeru Miyamoto, aliyeubuni mchezo huo, amepata kueleza kwamba mpangilio huo ulikusudiwa: mchezaji ajifunze kuruka mahali pasipo na hatari kabla ya kupimwa mahali penye hatari. Huyo, kwa maoni yangu, ni mwalimu hata kama hajawahi kushika chaki. Anayeanguka katika shimo lake anajua sababu, na anajua la kufanya akirudi.

Huo ndio ugumu unaofundisha. Ule wa tumbili unazuia tu. Methali ya wahenga inamhusu aliyejikwaa akaliona jiwe lililomkwaza. Asiyeoneshwa jiwe atajikwaa papo hapo kesho na keshokutwa, naye hatakwenda mbele asilani.

Hapa sina budi kuungama. Nilipokuwa mwalimu kijana, niliwahi kutunga karatasi ya mtihani wa sarufi kwa nia moja tu: wanafunzi wajue kwamba somo langu si la mzaha. Niliweka maswali ambayo sikuwa nimeyafundisha, nikayafunga kwa maneno ya mtego. Darasa zima lilianguka, nami nikajisifu katika chumba cha walimu. Msichana mmoja alinijia na karatasi yake iliyojaa alama nyekundu za kukosa, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, nimekosea wapi?" Nikamjibu akasome zaidi. Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena darasani mwangu. Swali la mpwa wangu lilikuwa lake, neno kwa neno, na jibu langu la zamani lilinirudia kama mkuki.

Kisa cha mpwa wangu hakikuishia hapo. Toleo la mwaka 2019 limetiwa uwezo wa kurudisha mchezo nyuma kila unapokosea. Alipoutumia, aliivuka hatua ya tumbili. Nilitazamia ashangilie. Badala yake alinyamaza, kisha akasema: "Nimepita, lakini sijui nimepitaje." Nadhani kila mwalimu amewahi kumkuta mwanafunzi wa namna hiyo, aliyekariri majibu, akapewa alama zake, akaenda darasa la juu akiwa mtupu. Kumwondolea mtoto kizingiti bila kumfunza namna ya kukivuka si kumsaidia. Wale waliotia kizingiti bila somo na wale walioleta njia ya kukikwepa bila somo, wote walimnyima kitu kimoja: maelezo.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, tunapoketi kutunga maswali, tujiulize kila swali limewekwa kwa faida ya nani. Likiwa linapima tulichofundisha, liwe gumu kadiri tupendavyo. Likiwa limewekwa ili tuogopwe, au ili mzazi ashurutike kulipia masomo ya ziada, basi sisi nasi tumewapanga tumbili mtini. Na karatasi ikirudi kwa mwanafunzi, alama nyekundu ifuatwe na maneno mawili matatu ya kumwonesha jiwe lililomkwaza.

Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza mlipokosea. Anayeuliza hivyo hajashindwa bado. Hata akijibiwa kwa ukali, kama nilivyomjibu yule msichana, na aulize tena. Mimi natamani sana angalirudi kuniuliza mara ya pili.