Akibisha na Simu Mkononi, Mfungulie

Wewe wa Kiserian, yule mhudumu wa afya ya jamii anayebisha hapo kwenu hajaja kukuuzia kitu. Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha wahudumu kama yeye, 100,000 hivi nchini, ikawapa mikoba ya vifaa na simu zenye programu ya eCHIS. Humo anaandika nani ana homa, nani anahara. Netiweki ikipotea, data inangoja kwenye simu, baadaye inatumwa.

Nyumba kadhaa zikiharisha wiki moja, kipindupindu kinaweza kushukiwa mapema, kabla hakijazunguka ploti nzima. Lakini ukisema "tuko poa" na mtoto amelala hoi chumbani, simu itaandika hivyo hivyo, na hakuna atakayeshtuka. Mfungulie, mwambie ukweli.