Uhura, Nyota na Chombo: Kusawiri Upya Tamthiliya Kongwe ya Anga kwa Lugha ya Pemba

Utangulizi

Tarehe 8 Septemba 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Star Trek, tamthiliya ya mfululizo iliyobuniwa na Gene Roddenberry kuhusu chombo kinachosafiri baina ya nyota. Miongoni mwa maofisa wa chombo hicho alikuwamo mwanamke Mwafrika, msimamizi wa mawasiliano, aliyeitwa Luteni Uhura na kuigizwa na Nichelle Nichols. Jina hilo lina asili ya Kiswahili. Kwa maelezo ya Nichols mwenyewe, siku alipokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa amechukua riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya na iliyochapishwa mwaka 1962. Roddenberry alilipenda neno, lakini irabu ya mwisho ikalainishwa, na uhuru ukawa Uhura. Hivyo Kiswahili kilifika katika nyota za kubuni takriban miaka 3 kabla ya binadamu kukanyaga mwezi.

Mfululizo wa mwanzo ulikoma mwaka 1969, na tangu hapo kisa chake kimesawiriwa upya zaidi ya mara moja, kikiwemo katika filamu ya mwaka 2009 na katika mfululizo wa Strange New Worlds ulioanza mwaka 2022. Mhadhara huu unauliza swali ambalo wasawiri hao hawakulazimika kuliuliza. Iwapo tamthiliya ya aina hiyo itasawiriwa kwa hadhira ya Waswahili, na hasa kwa hadhira ya Pemba, kisiwa ambacho lugha ya bahari na ya nyota ingali lugha ya kazi, Kiswahili kitakuwa pambo la chombo, au kitakuwa lugha inayokiendesha?

Kurudia, kutafsiri na kusawiri upya

Kabla ya kuendelea ni vyema kutenganisha mambo matatu ambayo aghalabu huchanganywa. Kurudia ni kuitoa kazi ileile kwa sura mpya. Kutafsiri ni kuihamisha kazi kutoka lugha moja hadi nyingine, huku watu, mahali na mgogoro vikibaki vilivyo. Kusawiri upya ni kuliuliza tena swali lililoizaa kazi, kisha kulijibu kwa hali ya watu wa leo.

Mfano mashuhuri ni Battlestar Galactica. Katika mfululizo wa mwaka 1978, mashine ziitwazo Cylons zilikuwa adui wa nje, zilizotokana na viumbe wasiokuwa binadamu. Ronald D. Moore alipoisawiri upya kuanzia mwaka 2003, mashine hizo zilikuwa zimeundwa na binadamu wenyewe, na baadhi yao hazikuweza kutambulikana mbele ya watu. Rubani Starbuck, aliyekuwa mwanamume, akawa mwanamke. Kisa cha kuhama na kutafuta makao kilibaki. Kilichobadilika ni mahali ambapo hofu inatoka. Kwa kipimo hiki, kuingiza sauti za Kiswahili katika tamthiliya ya kigeni ni kazi muhimu, lakini bado si kusawiri upya.

Kiswahili katika mfululizo wa mwanzo

Katika mfululizo wa mwanzo Kiswahili kinasikika mahali pawili panapostahili kuchunguzwa. Kwanza ni katika sehemu ya kwanza kabisa kuonyeshwa. Kiumbe chenye uwezo wa kujigeuza, kinachowaua watu ili kupata chumvi iliyomo miilini mwao, kinamtokea Uhura kwa umbo la mwanamume na kumsemesha kwa Kiswahili. Pili ni katika sehemu iliyoonyeshwa mwaka 1967, ambapo mtambo uitwao Nomad unafuta yote aliyoyajua Uhura. Anapofundishwa upya kusoma Kiingereza na kukwama, maneno yanayomtoka ni ya Kiswahili.

Matukio hayo yana heshima yake. Katika televisheni ya Marekani ya wakati ule, ilikuwa jambo kubwa kuonyesha kwamba chini kabisa ya kumbukumbu ya mwanamke msomi ipo lugha ya Kiafrika ambayo hata mtambo haukuweza kuifuta. Hata hivyo, mgawanyo wa kazi baina ya lugha mbili hizo uko wazi. Kiswahili ni lugha ya mazingaombwe katika tukio la kwanza, na lugha ya mtu aliyepoteza elimu yake katika la pili. Hakuna amri inayotolewa kwa Kiswahili, wala hesabu inayopigwa, wala hitilafu inayoripotiwa. Kinakaa moyoni, hakipandi penye usukani.

Usawiri wa baadaye umerekebisha mengi. Jina la kwanza la mhusika huyu, Nyota, lilipendekezwa na mwandishi William Rotsler mwaka 1982, na likatamkwa katika filamu ya mwaka 2009, ambamo Uhura, aliyeigizwa na Zoe Saldana, ni mwanafunzi wa isimu ya lugha za viumbe wa sayari nyingine. Katika mfululizo wa mwaka 2022, ambamo anaigizwa na Celia Rose Gooding, amelelewa na bibi yake nchini Kenya na anajua lugha 37. Kutoka mpokeaji wa simu za chombo, Uhura amekuwa mwanaisimu. Lakini lugha ya kazi chomboni imebaki Kiingereza.

Jina Uhura na masikio ya Waswahili

Kwa mtazamo wa mofolojia, Uhura si neno la Kiswahili. Msingi wake ni kivumishi huru, chenye asili ya Kiarabu, kilichopewa kiambishi u- cha nomino dhahania. Irabu ya mwisho ni sehemu ya shina, na kuibadilisha kuwa -a hakuleti maana yoyote, kwani Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi. Ajabu ni kwamba Kiarabu chenyewe kina umbo hurra, lenye maana ya mwanamke aliye huru. Aliyelainisha irabu kwa ajili ya sikio la Kimarekani aligota, pasipo kukusudia, kwenye umbo la kike la neno la asili.

Msikilizaji wa Pemba, hata hivyo, hatasikia hurra, atasikia Zuhura. Hilo ni jina la kike linalojulikana vyema visiwani, na ni jina la sayari. Kiswahili kina majina ya sayari yaliyopokewa kupitia elimu ya falaki: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Nalo neno nyota halina maana ya kimulimuli cha angani pekee. Lina maana pia ya bahati na majaaliwa ya mtu. Kwa hiyo jina Nyota Uhura, ambalo kwa Mmarekani lina ladha ya ugeni, kwa Mpemba lina ukaribu. Msawiri akilitamka Nyota Zuhura hatakuwa ameliharibu. Atakuwa amelirudisha nyumbani.

Chombo, nyota na saa

Ukaribu huo hauishii katika majina. Neno chombo, ambalo Kiswahili sanifu hulitumia kwa safari za angani, ni neno la kila siku la mabaharia. Rubani, anayejulikana leo kama mwendesha ndege, alikuwa kwanza mwongozaji wa jahazi. Usukani ulikuwa wa mashua kabla ya kuwa wa gari. Watu wa miji ya bara husema kwamba mambo yamekwenda mrama bila kujua kwamba mrama ni kuyumba kwa chombo baharini. Msamiati wa uongozi na wa safari katika Kiswahili umechotwa kwa wingi kutoka baharini, na Pemba, iliyotengwa na bara kwa mkondo wenye kina kirefu, ni mojawapo ya mahali ambapo maana za asili bado zinatumika. Wavuvi wa Kojani, kisiwa kidogo kilicho mashariki ya Pemba, wanajulikana pwani nzima kwa kwenda dago, yaani kuhama kwa msimu na kupiga kambi mbali na kwao wakifuata samaki. Wanaacha jamaa nyuma, wanaishi kwa sheria za kambi, na kurejea pepo zikigeuka. Huo ndio muundo wa tamthiliya ya chombo cha nyota.

Mwanaisimu anaweza kupinga kwamba istilahi za tanga hazifai kwa roketi. Pingamizi hilo lina uzito, na halijibiwi kwa ushabiki. Kushua, kwa mfano, ni kukiteremsha chombo majini, ilhali chombo cha anga hupaa. Hapo kurusha hufaa zaidi. Lakini chombo kikubwa kinapokitoa chombo kidogo katika anga lisilo na juu wala chini, kushua ni neno sahihi kuliko kurusha, kwa kuwa kiini chake ni kukikabidhi chombo kwa mahali kitakapoelea. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, hazihitaji maji ili ziwe na maana. Hata tanga halijastaafu: mwaka 2010 Japani ilirusha IKAROS, chombo kilichotandaza tanga jembamba ili kisukumwe na mwanga wa jua. Sayansi yenyewe ilirudi kwenye tanga, na Kiswahili kilikuwa na neno tayari.

Nafasi ya Uhura nayo ina mfano wake katika bahari hii. Katika maandishi ya Kiarabu ya ubaharia, muallim ni bingwa wa kuongoza chombo kwa nyota. Wareno walipomtaja rubani aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498, waliandika Malemo Cana, na sehemu ya kwanza ya jina hilo imefasiriwa na wataalamu kuwa ni cheo hicho. Kwa Waswahili, maalimu au mwalimu amebaki kuwa mtu wa elimu. Uhura wa Pemba hangekuwa mpokea salamu tu. Angekuwa maalimu wa chombo, anayesoma nyota na kusoma lugha.

Lililo gumu zaidi ni saa. Star Trek ilibuni tarehe ya nyota ili kukwepa kalenda ya dunia. Kiswahili hakiwezi kulikwepa jambo hilo kwa wepesi, kwa sababu saa zake huhesabiwa kwa jua: saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya kucha, na usiku wa kuamkia Ijumaa tayari ni Ijumaa. Misimu nayo husomwa angani. Kilimia, kundi la nyota lililopewa jina kutokana na kulima, lina methali yake: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Chombo kikiwa mbali na jua letu, saa moja ni ya macheo ya wapi? Mfasiri ataandika saa 7:00 na kuendelea. Msawiri atalifanya swali hilo kuwa kisa: mabaharia wanaoshika saa za Pemba mahali ambapo Pemba haionekani, na ambao siku wakiacha kuzishika watakuwa wameacha kitu kikubwa kuliko saa.

Suala la lahaja

Linabaki swali la Kiswahili kipi. Tangu Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930 kwa msingi wa Kiunguja cha mjini, Kipemba kimewekwa katika fungu la lahaja, ingawa kimechunguzwa na wanaisimu, akiwemo W. H. Whiteley katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu lahaja na mashairi ya Pemba. Anayesema ntu badala ya mtu, au nkono badala ya mkono, hajakosea. Anafuata kanuni ya kifonolojia ambayo king'ong'o hujilinganisha na konsonanti inayokifuata. Hata hivyo, katika michezo ya kuigiza lahaja kwa kawaida huachiwa mzee wa shamba au mchekeshaji.

Hapa ndipo penye hatari. Tamthiliya ya Kiswahili itakayompa nahodha Kiswahili sanifu na kumwachia mpishi Kipemba itakuwa imerudia kosa lilelile la mwaka 1966, safari hii baina ya Waswahili wenyewe. Mtoto wa Micheweni atajifunza kwamba watu wa kesho wapo, lakini hawasemi kama bibi yake. Lahaja haifi siku ambayo mzungumzaji wa mwisho anazikwa. Huanza kufa pale wazungumzaji wake wanaposhindwa kujisikia ndani yake wakiwa watu wa wakati ujao.

Wala haiwezi kusemwa kwamba nyenzo hazipo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Kazi ya kuingiza sauti imekwisha kuzoeleka: mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania lilionyesha tamthiliya ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, na tamthiliya za Uturuki zimefuata katika vituo vingine. Ubunifu nao upo. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, katika riwaya yake ya Babu Alipofufuka ya mwaka 2001 alimtoa babu kaburini ili amkabili mjukuu wake aliye katika tabaka la watawala. K. W. Wamitila alifuata na Bina-Adamu! mwaka 2002. Riwaya ya Kiswahili imekwisha kuuacha uhalisia wa kawaida. Skrini ndiyo iliyochelewa.

Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba Kiswahili kilipewa nafasi katika tamthiliya kongwe ya anga kama kumbukumbu, na kwamba usawiri wa baadaye umempandisha cheo mwenye lugha bila ya kuipandisha lugha yenyewe. Kazi iliyobaki ni ya Waswahili. Inahitaji mwanaisimu atakayekwenda Kojani na Mkoani kuandika msamiati wa chombo wakati wenye kuutumia wangali wapo, na mwandishi atakayeutia msamiati huo katika vinywa vya mabaharia wa kubuni bila ya kuwaomba radhi watazamaji. Wahenga walisema kwamba kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwenye kukitembeza Kiswahili baina ya nyota hana budi kujua ngama yake iko wapi.