Je, Wajua? Sukari na Sabuni Zaweza Kukusafirisha

Anayelipia sukari na sabuni kwa kadi ya mkopo yenye zawadi hupata pointi. Baadhi ya kadi huruhusu pointi hizo zigeuzwe maili za ndege. Maili zikitosha, zinanunua kiti cha daraja la kawaida hadi bara jingine.

• Maili za huku, ndege ya kule. Ethiopian Airlines na Brussels Airlines zote hutua Kigali, na zote ni wanachama wa Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege. Hivyo maili za ShebaMiles, za Ethiopian, zaweza kukukalisha kwenye ndege ya Wabelgiji. RwandAir nayo ina zake: Dream Miles.

• Bure ina bei. Maili hulipia kiti. Kodi na ada za uwanja wa ndege kwa kawaida hutoka mfukoni mwako.

• Vikombe 12,150. Mwaka 1999, mhandisi David Phillips wa California alinunua vikombe 12,150 vya pudini kwa takriban dola 3,000. Lebo zake, alizozibadilisha katika promosheni ya maili, zilimpa maili zaidi ya milioni 1. Pudini nyingi aliitoa sadaka.