Reli ya Uzito Gani Itufae?

Mkazi wa Nyantakara, wilayani Biharamulo, hana reli karibu naye. Lakini mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana juu ya ujenzi wa reli kutoka Isaka hadi Kigali, na katika wilaya jirani ya Ngara imo nikeli ya Kabanga. Kabla ya njia ndefu ya namna hiyo kujengwa, mhandisi hana budi kujibu swali moja: mita moja ya reli iwe na kilo ngapi?

Mwanafunzi aweza kulianza jibu darasani. Chukua rula ya mbao yenye upana wa milimita 30 na unene wa milimita 3. Ilaze bapa, uipinde. Kisha isimamishe kwa ubavu wake, ujaribu tena. Mbao ni ile ile, lakini ikisimama ugumu wake huongezeka mara 100, kwa kuwa ugumu hufuata kipeo cha tatu cha kimo.

Ndivyo ilivyo kwa reli. Reli ya Ulaya yenye kilo 49.39 kwa mita ina kimo cha milimita 149. Ile ya kilo 60.21 ina milimita 172. Chuma kimezidi kwa asilimia 22 tu, ilhali ukinzani dhidi ya kupinda umezidi kwa asilimia 67. Reli ngumu hugawa mzigo wa gurudumu juu ya mataruma mengi zaidi, hivyo kokoto na tuta huumia kidogo. Tena kichwa chake kinene hustahimili kulika, hasa penye kona za nchi ya vilima.

Mbona basi tusichague nzito daima? Tupige hesabu. Kwa kilomita 100 za njia moja, reli za kilo 45 zahitaji tani 9,000 za chuma. Za kilo 60, tani 12,000. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina kilomita 1,860 na reli za kilo 45. Kwa kilo 60 ingalihitaji takriban tani 55,800 zaidi.

Lakini unafuu nao una gharama yake. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kati ya 1905 na 1914, ilirithisha vizazi vilivyofuata reli nyepesi za ratili 56 kwa yadi, yaani kilo 28 hivi kwa mita. Wepesi huo huweka mpaka wa mzigo juu ya kila ekseli, hata injini iwe na nguvu kiasi gani. Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kusafirisha abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imepewa reli za kilo 60.

Kwa hiyo mhandisi hapimi chuma peke yake. Hupima tani zitakazopita, kona, mataruma na umri wa njia. Akikosea kwa kuzidisha, taifa hulipa mara moja. Akikosea kwa kupunguza, wajukuu wetu watalipa kila garimoshi lipitapo.