Sanduku la Marehemu: Vyombo vya Simu ya Upepo Visipimwe kwa Mizani

Mama mmoja wa mtaa wa Kilimani, magharibi ya jiji la Nairobi, alitualika nyumbani kwake baada ya kumaliza eda. Marehemu mumewe alikuwa ameacha chumba kizima cha vyombo vikuukuu: redio za vali, nzito mithili ya magunia, visikizi vya masikioni, madaftari yaliyojaa tarakimu, na kasha la mbao lenye vibonyezo saba vya Morse. Wanawe wawili walikwisha kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Kawangware, naye akataja bei ya shaba kwa kilo. Binti yao wa pekee alikataa katakata. Mama akabaki katikati, hajui lipi ni haki.

Tuliketi naye tangu alasiri hadi magharibi, na tuliyojifunza huko twaona yafaa kuwafikia wasomaji wetu. Nyumba zenye sanduku kama hilo si haba, ila wengi hatujui lina nini.

Kibonyezo cha Morse ni chombo kidogo, kitoshacho kiganja. Kina mkono wa shaba wenye kirungu mwishoni, springi chini yake, na ncha mbili za madini zinazogusana mkono unapobonyezwa. Zikigusana, umeme hupita, zikiachana, hukatika. Mguso mfupi ni nukta, mrefu ni mstari, na mstari huchukua muda wa nukta tatu. Nukta moja pekee ni herufi E, mstari mmoja pekee ni T. Kwa hizo mbili huandikwa lugha yoyote. Mafundi husema kila mpigaji ana mkono wake, kama mtu anavyojulikana kwa mwandiko, hata rafiki aliye mbali humtambua kabla hajataja jina.

Elimu hii si ngeni kwa watu wa pwani. Waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, na mwaka 1890 Mombasa ikaunganishwa na Unguja. Ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka 1896, nguzo za simu zilipanda bara sambamba na mataruma, na mwaka 1899 reli ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi. Neno simu lenyewe asili yake ni Kiajemi, maana yake waya, na wazee wetu walisema kupiga simu tangu zama ambapo simu ilikuwa ni habari ya maandishi iliyopigwa kwa kibonyezo. Twalitumia neno hilo kila siku, ilhali chombo kilicholizaa twakiuza kwa kilo.

Marehemu hakuwa mtumishi wa reli wala wa posta. Alikuwa miongoni mwa wapenzi wa redio, watu wanaopata leseni ya kuzungumza na wenzao wa nchi nyingine kwa mitambo yao wenyewe, bila malipo na bila biashara. Kila kituo kina jina lake la hewani. Majina ya Kenya zama za ukoloni yalianza na VQ4, na baada ya uhuru yakaanza na 5Z4. Ndiyo maana kadi ndogo za posta ambazo wapenzi hawa hupelekeana kuthibitisha mazungumzo zina thamani: herufi hizo tatu tu zaweza kukuonyesha kadi ni ya zama zipi. Kadi za marehemu zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, tayari kwa jaa.

Fani hii haijafa. Meli ziliacha kutegemea Morse mwaka 1999, na mwaka 2003 mkutano wa kimataifa ukaondoa sharti la mtihani wa Morse kwa wapenzi wa redio. Hata hivyo wengi wangali wanaipiga kwa hiari. Kenya ina chama cha wapenzi wa redio, na ina kituo kiitwacho 5Z4B katika mpango wa vituo 18 vilivyotawanywa duniani. Kila kituo kina zamu ya sekunde kumi: hutaja jina lake kwa Morse, kisha hupiga mistari minne, wa kwanza kwa nguvu ya wati 100, halafu 10, halafu 1, na wa mwisho kwa sehemu ya kumi ya wati. Anayesikiliza mbali hujua hewa ina hali gani kwa kuhesabu mistari iliyomfikia.

Aliyeachiwa vyombo hivi na azingatie mambo manne. Kwanza, asiwashe redio ya vali iliyokaa miaka mingi, wala asitie mkono ndani yake. Ndani mna sehemu zinazohifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Pili, saa na vipimo vya kijeshi vya zamani vyenye rangi ya kung'aa gizani visikwanguliwe, kwani baadhi vilipakwa radi, madini yenye mnururisho. Viwekwe mbali na watoto. Tatu, shaba isisuguliwe ikang'aa. Mkusanyaji hupenda alama ya mtengenezaji na rangi ya umri, navyo vikisuguliwa havirudi. Nne, kuhifadhi mtambo ni jambo moja na kurusha mawimbi ni jingine. Kwa hilo la pili pana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, iliyo barabara ya Waiyaki. Anayetaka watoto waione historia ya reli, Makumbusho ya Reli yako karibu na kituo kikuu, katikati ya jiji.

Lililo kubwa kuliko yote ni haki. Mali ya marehemu, yakishalipwa madeni na kutekelezwa wasia, ni ya warithi wote. Mjane aliyeachwa na watoto ana thumuni yake, na binti ana fungu lake, hata katika kasha la mbao. Ndugu wawili hawawezi kuuza kwa mizani kitu ambacho hakijajulikana thamani yake, wakadhani wamesafisha chumba, kumbe wamepunguza fungu la mwingine.

Vijana wale waliyasikia hayo wakanyamaza, kisha wakampigia simu mnunuzi asije. Jioni ile wote wanne waliandika orodha, kitu kwa kitu. Binti, ambaye babake alimfundisha Morse angali mdogo, ndiye aliyeweza kuwasomea ndugu zake madaftari. Katika daftari moja, siku aliyozaliwa yeye, hapakuandikwa kituo chochote. Pana saa, na jina lake.

Vyombo vitathaminiwa na mjuzi, kisha vigawiwe. Binti ameomba kibonyezo kimoja kihesabiwe katika fungu lake, na ndugu zake wameridhia.